Moto Hauwaki kwa Pupa

Waimbaji wengi wa kwaya hupoteza sauti wakidhani wameimba mno. Mwandishi wetu wa Tanga, mwimbaji wa sauti ya pili, anasimulia somo la pumzi alilopewa mbele ya jiko la mkaa.

Mkesha wa Pasaka huanzia nje, gizani. Padri hubariki moto, mshumaa mkubwa huwashwa, kisha maandamano huingia kanisani taa zikiwa zimezimwa. Hapo ndipo huimbwa Mbiu ya Pasaka. Hakuna kinanda, hakuna ngoma, wala hakuna wenzako wa kukuficha. Ni sauti moja mbele ya mshumaa, kwa takriban dakika 10, na kanisa zima limetulia likisikiliza.

Mwaka ule niliteuliwa mimi. Nilikuwa nimeimba kwaya kwa miaka 9 na nilijiona nimekomaa. Noti nilikuwa nimezihifadhi zote. Nikaanza kwa nguvu, kama tulivyozoea kuhimizwa mazoezini: toa sauti, toa sauti! Kufika ukurasa wa pili koo lilikuwa limekauka. Kufika wa tatu nilikuwa ninavuta hewa katikati ya maneno, mabega yakipanda na kushuka kama mtu aliyekimbizwa. Kabla ya mwisho sauti ilikatika kabisa. Padri akanionea huruma, akamalizia mistari iliyobaki.

Wengi walinipa pole. Wengi zaidi walinishauri nitafune tangawizi. Mtu mmoja tu ndiye aliyejua kilichonipata, naye ni mwalimu mstaafu wa muziki anayeishi Ngamiani. Jumatatu ya Pasaka nilikwenda kumwamkia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Koo lako zima," alisema hata kabla sijakaa. "Uliishiwa pumzi, ukalitwisha koo mzigo usio wake."

Uani, mjukuu wake alikuwa anahangaika na jiko la mkaa. Alipuliza kwa nguvu, majivu yakamrukia machoni. Akapumzika, akapuliza tena, yakamrukia tena. Mwalimu akaniambia nikachukue nafasi yake. "Pole pole. Pumzi nyembamba, isiyokatika. Usiongeze, usipunguze." Nikainama, nikapuliza. Makaa yakaanza kupata wekundu, moja likaambukiza la pili, na baada ya muda mfupi jiko likawa limeshika.

"Kifua chako si kikubwa kuliko cha huyu mtoto kwa kiasi hicho," akasema. "Yeye ametoa yote kwa mara moja, wewe umeigawa. Kuimba ni hivyo hivyo. Juzi usiku ulipuliza majivu."

Tangu siku hiyo nilikwenda kwake kila Jumamosi kwa karibu mwaka mzima. Haya ninayoandika ni yale niliyojifunza, nikiyapima na yale yanayofahamika kuhusu mwili na sauti. Ninayaandika kwa sababu naamini kwaya zetu nyingi zinachosha sauti za watu wake kwa nia njema kabisa, na dawa yake haihitaji fedha.

Kawa iliyo kifuani

Mapafu hayana msuli wa kujivuta yenyewe. Hufuata kifua kinakokwenda. Kazi ya kuvuta hewa hufanywa na misuli iliyo katikati ya mbavu na, kuliko yote, na kiwambo: msuli mpana na mwembamba, wenye umbo la kawa ya kufunikia chakula, unaotenganisha kifua na tumbo. Kiwambo kikijikaza, kawa hiyo hushuka na kubapa. Kifua hupata nafasi, na hewa huingia yenyewe kama maji yanavyoingia kwenye mtungi uliozamishwa kisimani. Ini, tumbo la chakula na utumbo, vikisukumwa chini, hutafuta pa kwenda. Ndiyo maana tumbo hutuna mbele na ubavuni.

Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika, na kila pumzi hubeba kama nusu lita ya hewa. Mapafu yake yakijaa kabisa hubeba lita 4 hadi 6, kutegemea kimo, jinsia na umri. Kama lita moja au zaidi kidogo katika hizo haitoki kamwe, hata mtu ajikamue vipi. Hata ukiiondoa hiyo, inabaki ghala kubwa ambalo kila siku tunachota kibaba tu.

Tunapokaa kimya, muda wa kuvuta hewa na muda wa kuitoa hukaribiana. Wimbo huuvunja mpango huo. Unavuta ndani ya nusu sekunde, kisha unatoa kwa sekunde 10 au 15, na muda wote huo msukumo unatakiwa uwe sawa. Ndipo linapokuja jambo ambalo sikuwahi kuambiwa katika miaka yangu 9 ya kwaya. Mapafu yaliyojaa ni kama puto: yanataka kujikunja na kutema hewa yote kwa mkupuo. Asiyefundishwa huyaachia, na nusu ya hewa yake huishia kwenye neno la kwanza. Aliyefundishwa huyazuia. Misuli ileile iliyozifungua mbavu huendelea kuzishikilia zisiporomoke, na kadiri hewa inavyopungua, misuli ya tumbo huingia taratibu kusukuma. Pande mbili zinavutana, na sauti inakaa juu ya mvutano huo kama mzigo juu ya kata.

Waalimu wa Italia, waliofundisha waimbaji wa opera, waliuita ustadi huo appoggio, yaani kuegemea. Mwalimu wangu huita kuitegemeza sauti. Kwa vyovyote tuutakavyouita, kiini chake ni kuizuia pumzi. Nguvu ya kusukuma huja baadaye, na ni kidogo kuliko tunavyodhani.

Sauti yenyewe hutengenezwa na nyuzi mbili ndogo zilizo kooni, ambazo hata kwa mwanamume mzima hazifiki urefu wa sentimita 3. Mtu wa kwanza kuandika kwa kina jinsi alivyoziona zikifanya kazi ni Manuel García, mwalimu wa uimbaji mwenye asili ya Hispania. Mwaka 1854 alitumia kioo kidogo cha daktari wa meno na mwanga wa jua, akajitazama koo lake mwenyewe. Leo tunajua kwamba mtu akiimba la ya kati, ile ambayo wapiga vyombo huitumia kulinganisha nyuzi zao, nyuzi za sauti hugusana na kuachana mara 440 kwa sekunde moja. Zikisukumwa na hewa nyingi kupita kiasi, hupigana. Hewa ikipungua, misuli ya shingo na taya huja kusaidia kazi isiyo yao. Njia zote mbili zinaishia kwenye sauti iliyokwaruza.

Nusu ya ukweli

Kila aliyewahi kuimba kwaya amesikia agizo la kuimba kwa tumbo. Wanaolitoa wana nia nzuri, lakini wengi huliacha hapo, na kila mwimbaji hulitafsiri kivyake. Mmoja hukaza tumbo kama anayengoja kupigwa ngumi. Mwingine hulisukuma nje kwa nguvu. Wa tatu hulivuta ndani huku akiinua mabega, akidhani kifua kilichopanda ndicho kilichojaa.

Hewa haiingii tumboni. Kinachoonekana tumboni ni alama tu kwamba kiwambo kimeshuka. Wala kiwambo hakisukumi sauti. Kazi yake ni kuingiza hewa, na hewa inapotoka chenyewe hulegea na kurudi juu. Inayosukuma ni misuli ya tumbo na ya ubavuni, tena kwa kiasi. Kwa hiyo agizo sahihi lina sehemu tatu: acha tumbo na mbavu za chini zifunguke unapovuta, zishikilie mbavu zisianguke mara tu unapoanza kuimba, na toa hewa kidogo kidogo mpaka mwisho wa sentensi.

Mwalimu alinionyesha jambo jingine. Aliniambia nijaze mapafu mpaka basi, kisha niimbe. Sauti ilitoka imebanwa, karibu kama kilio. Akaniambia nivute hewa ya kutosha mstari mmoja tu. Sauti ikafunguka. Kujaza kupita kiasi huukaza mwili wote, na mwili uliokazwa haugawi pumzi vizuri. Kwa wimbo mfupi, vuta kwa wimbo mfupi.

Waliotutangulia

Ni rahisi kudhani kwamba elimu hii ni ya Ulaya na imeletwa na wamisionari pamoja na vitabu vya noti. Hapa pwani ilikuwapo kabla ya vipaza sauti, na wenye nayo walikuwa majirani zetu.

Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880, alikuwa mtoto wa mfinyanzi. Alizunguka akiuza vyungu na kuvitangaza kwa kuimba. Uza vyungu kwa sauti kutwa nzima, kijiji hadi kijiji, nawe utajua kugawa pumzi au utarudi nyumbani bubu. Sauti hiyo ndiyo iliyompeleka Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa lebo ya His Master's Voice. Fatuma binti Baraka, ambaye dunia ilimjua kwa jina la Bi Kidude, alifuata nyayo zake, na aliendelea kupanda jukwaani akiwa mkongwe hadi karibu na kufariki kwake mwezi Aprili 2013.

Jirani yangu mwenye madrasa alinifungua macho zaidi. Katika tajwidi, elimu ya kusoma Kurani, pumzi ina sheria. Kuna mada, irabu zinazovutwa kwa vipimo maalumu: haraka 2, nyingine 4 au 5, nyingine 6. Kuna waqfu, mahali pa kusimama. Msomaji akiishiwa pumzi pasipo kituo anaweza kusimama kwa dharura, lakini hurudi nyuma kidogo ayaunganishe maneno ili maana isikatike. Watoto wa miaka 8 wanafundishwa hayo. Ndiyo maana msomaji kama Abdul Basit Abdus Samad wa Misri, aliyefariki mwaka 1988, alipovuta aya ndefu kwa pumzi moja, wasikilizaji waliguna kwa mshangao. Walielewa kazi iliyokuwa inafanyika.

Nilijiuliza kwa nini mtoto wa madrasa anajua mahali pa kupumua, nami mwimbaji wa miaka 9 sikuwa najua.

Kiswahili na mahali pa kupumua

Washairi wetu walilijua jambo hili. Mshororo wa shairi la kawaida una mizani 16, nao hukatwa katikati: mizani 8 za ukwapi na mizani 8 za utao. Ule mkato haukuwekwa kwa ajili ya urembo. Mashairi yalitungwa yaimbwe, na mizani 8 ni kipande ambacho mwimbaji yeyote anakiweza kwa pumzi moja ya kawaida. Akiwa na pumzi ndefu ataunganisha vipande viwili. Akiwa nayo fupi atapumzika kwenye kituo, na maana haitadhurika.

Tabu yetu katika kwaya ni kwamba nyimbo nyingi zina sauti zilizotungwa kwa lugha nyingine, maneno ya Kiswahili yakaja kupachikwa baadaye. Kiswahili hubeba sentensi nzima ndani ya kitenzi kimoja. Neno kama "aliyetuokoa" lina mtendaji, wakati, mtendwa na tendo. Ukipumua baada ya "aliye", umeivunja sentensi mgongo. Nimesikia kwaya kubwa ikiimba "ame", ikavuta hewa kwa kishindo, ikamalizia "fufuka". Habari kuu ya Pasaka ikawa imekatwa vipande viwili, na hakuna aliyeona kosa kwa sababu noti zote zilikuwa sahihi.

Lugha yetu ina neema yake pia. Karibu kila silabi huishia kwa irabu, hivyo sauti huteleza bila vizuizi, na mwimbaji mwenye pumzi iliyotulia anaweza kuunganisha maneno kama uzi unaopita kwenye shanga. Lakini irabu hizohizo huacha mlango wazi, hewa ikavuja. Herufi ya kuangaliwa sana ni h. Wengi wetu tukikuta silabi moja imewekewa noti nne tunaikatakata: a-ha-ha-ha. Kila h inapita na hewa ya bure. Imba a moja, nyoofu, uibadilishe noti juu yake, utashangaa pumzi ilivyobaki.

Mazoezi ya mkekani

Mazoezi niliyopewa hayakuhitaji chombo chochote cha kununua. La kwanza ni la kulala chali juu ya mkeka, magoti yamekunjwa, kitabu cha nyimbo kikiwa juu ya kitovu. Ukiwa umelala, mabega hayana haja ya kupanda. Vuta hewa kwa pua, kitabu kinainuka. Itoe, kitabu kinashuka. Mtoto mchanga hupumua hivyo usiku na mchana bila kufundishwa. Mwimbaji anajikumbusha tu alichokisahau. Dakika 5 kila jioni kwa wiki mbili zilinitosha kuuzoesha mwili.

La pili ni la kusimama. Miguu iachane kwa upana wa mabega, magoti yasikazwe, viganja viwekwe kwenye mbavu za chini, vidole gumba vikielekea mgongoni. Vuta hewa huku ukihesabu hadi 4 na usikie mbavu zikivisukuma viganja nje, hata kwa nyuma. Kisha itoe kwa mlio wa "ssss", mwembamba na ulio sawa, ukihesabu hadi 10. Wiki inayofuata hadi 15, halafu 20. Usishindane na mtu. Mlio ukianza kutetemeka, simama hapo. Kinachotafutwa ni usawa. Urefu utakuja wenyewe.

La tatu ni la watoto wanaoendesha magari ya kuchezea: midomo iliyolegea itetemeke, "brrr", huku ukipanda na kushuka noti tano. Pumzi ikikatika midomo husimama, ikizidi hutawanyika. Hakuna mwalimu mkali kuliko huyo. Anayeshindwa kutetemesha midomo anaweza kuvuma ndani ya mrija wa soda uliozamishwa kidogo kwenye glasi ya maji. Mapovu yakitoka kwa mpangilio, pumzi iko sawa, yakiruka, imerushwa.

La nne hufanywa na kalamu. Kabla ya kuimba wimbo mpya, usome kama barua, kisha weka alama ya mkato juu ya kila mahali utakapopumua. Pale ambapo mstari ni mrefu kupita uwezo wa mtu mmoja, kwaya hupumua kwa zamu: wawili wanavuta hewa hapa, wawili pale, kila mmoja katikati ya irabu ndefu, akitoka na kurudi polepole. Msikilizaji husikia mto usiokauka. Hilo haliwezekani kama kila mtu anapumua palipomkuta.

Tangawizi haina kosa

Nirudi kwa walionishauri tangawizi. Waimbaji wetu hutafuna karafuu, humeza mayai mabichi, hunywa asali na ndimu dakika chache kabla ya ibada. Hakuna kati ya hivyo kinachogusa nyuzi za sauti. Chakula na kinywaji hupita kwenye umio. Nyuzi ziko kwenye njia ya hewa, na mlango wake hufungwa kila tunapomeza. Chai ya tangawizi inaweza kukutuliza, nami bado naipenda. Lakini haiwezi kufanya kazi ya pumzi.

Maji husaidia, ila husaidia kwa kupitia mwili mzima, hivyo yanywewe tangu asubuhi. Ugali wa kushiba nusu saa kabla ya kuimba hukizuia kiwambo kushuka. Mkanda uliokazwa hufanya vivyo hivyo, na hapa nawasihi mafundi cherehani wanaoshona sare zetu waache nafasi ya kutosha kwenye mbavu na kiunoni. Na mwenye sauti iliyokwaruza kwa zaidi ya wiki tatu asijitibu kwa majani wala kwa kuimba zaidi. Aende hospitali akachunguzwe koo.

Robo saa tunayoidai

Ratiba ya mazoezi katika kwaya nyingi ninazozijua ni ileile: sala, kisha kila sauti ishike noti zake, kisha wote pamoja, kisha matangazo. Pumzi haina nafasi, na sauti inapodhoofika tunaongeza kipaza sauti. Hatumwambii mjenzi apake rangi ukuta usio na msingi, lakini mwimbaji tunamfanyia hivyo kila Jumamosi.

Naomba robo saa. Waalimu wa kwaya waitoe mwanzoni mwa kila zoezi, kabla ya noti ya kwanza: dakika chache za kupumua, chache za "ssss", chache za kutetemesha midomo. Katika chuo cha sanaa cha Bagamoyo na katika chuo cha muziki cha nchi za majahazi kule Unguja, wapo waliosomea kazi hii. Parokia, misikiti na vikundi vya taarabu vinaweza kuwaalika hata kwa siku moja. Na wazee waliofundisha muziki katika vyuo vya ualimu wako mitaani mwetu. Wengi hawangoji malipo. Wanangoja kuamkiwa.

Mwaka uliofuata niliomba niimbe tena Mbiu ya Pasaka. Haikuwa rahisi kuomba, wala haikuwa rahisi kwa wenzangu kukubali. Usiku ule nilisimama mahali palepale, gizani, na mshumaa ukiwa mbele yangu umbali wa hatua mbili. Kitabu kilikuwa na mikato ya kalamu kila ukurasa. Niliuvuta mstari wa kwanza kwa hewa ya mstari mmoja, nikazishikilia mbavu, nikaacha sauti itoke nyembamba. Nilihisi iko chini kuliko ile ya mwaka uliopita, na kwa dakika nzima niliogopa kwamba walio nyuma hawanisikii. Kisha nikasikia mtoto akikohoa kwenye benchi la mwisho kabisa, nikatambua jinsi kanisa lilivyokuwa kimya. Walikuwa wananisikia.

Nilipofika mstari wa mwisho waumini waliitikia "Amina". Nami nikaitikia pamoja nao, kwa pumzi iliyobaki.